Kijani Marufuku Uani Kwetu

Jumatano, 2 Julai

Utumbo tena. Ndoo nzima. Nimeukwangua tangu kumekucha na bado maji yanatoka ya kijani. Hicho ndicho kijani pekee kinachovuka uzio wetu siku hizi, mavi ya ng'ombe. Inzi wananitambaa mpaka kwenye kope. Nimetapika pembeni ya karo, nikasukutua, nikarudi kukwangua.

Wachimbaji wa mume wangu wanakula hapa kwangu, mchana na jioni. Ugali na utumbo. Kesho utumbo na ugali. Harufu yake imeshika hata mto ninaolalia.

Yote haya kaleta mganga. Duara la mume wangu, Baba Minza, shimo lake la kuchimbia, lilipogoma kutema dhahabu, wakamwita. Akalizunguka shimo, akachota udongo akaulamba, akasema majani ndiyo yanayofunika ardhi, na mtu akila kinachofunika, dhahabu nayo inajifunika. Kwa hiyo kitu cha kijani kisiingie kwenye ua wa mwenye duara, wala tumboni mwa mtu wa nyumba yake, wala mwa mchimbaji wake, mpaka duara liteme. Mchicha, matembele, mlenda, kisamvu, vyote marufuku. Maharage marufuku, kwa sababu yalizaliwa ndani ya ganda la kijani. Machungwa ya huku yanaiva na ganda lake la kijani vilevile, basi nayo marufuku. Wanaume wazima wenye ndevu wakaitikia kwa vichwa.

Mimi nina mimba ya miezi sita. Mganga hakuniangalia hata mara moja. Hakuna aliyemwambia aniangalie.

Ijumaa, 4 Julai

Kliniki. Benchi limejaa, joto, harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye nguo za watoto. Mwanangu Minza alinilalia mapajani. Ana miaka minne na uzito wa gunia la pumba.

Nesi alibandika picha ya sahani kubwa ukutani, akaanza somo la makundi ya vyakula. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika, hapo ndipo ulipo ugali wetu na michembe ya viazi vikavu. Vyakula vya wanyama: nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Jamii ya kunde na karanga. Mboga za majani. Matunda. Mafuta, ila kidogo. Akasema hakuna kundi linaloweza kufanya kazi ya jingine. Ugali unatia nguvu lakini haujengi mtoto. Nyama inajenga, lakini bila mboga na matunda mwili unabaki bila ulinzi. Tunda kama chungwa au limao linausaidia mwili kuchukua madini ya damu yaliyomo kwenye chakula, chai inayanyang'anya. Akatukataza kunywa chai juu ya chakula.

Mama mmoja mbele yangu akanong'ona kwamba hiyo ni sahani ya watu wa mjini. Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kwenye ile picha chakula cha nyumbani kwangu. Nikaona ugali, nyama na mafuta. Upande mwingine wote wa sahani haukuwa wangu.

Halafu wakanitoboa kidole kupima wingi wa damu. Damu nane, na mjamzito anatakiwa kumi na moja. Nesi akanivuta kope, akatazama, akaninusa karibu na mdomo. Akaniambia nifungue mkono. Kipande cha udongo kilikuwemo, kile cha kuoka kinachouzwa sokoni pembeni ya dagaa. Nimekishika mpaka kimelowa jasho. Nautafuna kutwa, naamka nautafuta. Akakitupa kwenye ndoo yenye pamba za damu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikitazama kikiwa mle ndani na mate yakanijaa mdomoni.

Akainama, akasema taratibu ili wengine wasisikie: "Mama Minza, ukijifungua na damu hii, halafu ikamwagika, tunaweza tusikuwahi. Vidonge nitakupa, lakini ule. Ule kila kundi."

Nimerudi kwa pikipiki. Kila shimo la barabara nilikuwa nasikia hilo neno, tusikuwahi.

Jumapili, 6 Julai

Nimemwambia Baba Minza. Nilimsubiri aoge, ale, ashibe. Nikamweleza damu, picha ya sahani, maneno ya nesi. Nilisema nahitaji mboga za majani na tunda, hata kama ni mimi peke yangu, hata kama nitakula jikoni gizani.

Alinisikiliza. Si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akachokoa meno, akasema nivumilie kidogo, duara liko karibu, mawe yameanza kubadilika rangi. Karibu. Duara hili liko karibu tangu mvua za masika.

Mama mkwe akadakia kutoka mlangoni. Yeye kazaa watoto wanane kwa ugali, wala hakuna aliyemtoboa kidole. Hakusema kazika wangapi. Sikumuuliza, maana bado nakaa kwenye nyumba ya mwanawe.

Vidonge vina ladha ya msumari. Cha jana nimekitapika. Cha leo nimekimeza na maji ya moto, nimeziba pua, nimekaa nimetazama ukuta mpaka kikatulia.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekula mchicha.

Nyuma ya uzio wetu anakaa Mama Rukia, Mwislamu wa Kigoma, mumewe ana duka la vifaa vya wachimbaji. Ana bustani ndogo anayoimwagilia kwa maji ya kisima. Nilikwenda kuazima ungo. Jikoni kwake kulikuwa na sufuria ya mchicha wa karanga. Nilisimama nikaitazama kama mgonjwa wa akili. Hakuniuliza kitu. Akapakua, akakamua limao juu, akanisogezea.

Nililia huku nakula. Machozi na makamasi. Nikitazama nyuma naona aibu. Mke wa mwenye duara, amechuchumaa jikoni kwa jirani, anafuta sahani kwa kidole.

Nilipomaliza nikakumbuka meno. Mama Rukia akanipa mswaki wa mti, nikasugua mpaka fizi zikauma, nikajitazama kwenye kioo chake nisije nikabeba jani nyumbani. Kama mwizi. Nimekula chakula kinachouzwa fungu fungu barabarani, na nikavuka uzio wangu mwenyewe kwa kunyata.

Kesho naenda tena.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemfuma mama mkwe.

Niliingia chumbani kwake kuchukua kapu. Yuko chini ya neti, mgongo mlangoni, anatafuna. Mbele yake bakuli la nsansa, yale majani ya kunde yaliyoanikwa juani, yamepikwa na karanga. Huyafungia kwenye sanduku la nguo za kanisani, ndiyo maana Jumapili ananukia kunde.

Nikamwuliza mwiko je. Hata hakushtuka. Akasema mganga kakataza kijani, hii ni nyeusi.

Nikamwomba kidogo. Akasema imeisha, na bakuli limejaa. Nimekasirika kiasi kwamba nimecheka. Bibi mzima, mkwewe ana damu nane, anakumbatia bakuli.

Alhamisi, 24 Julai

Siku mbaya.

Maji yameingia kwenye duara. Pampu imekufa. Mganga kaitwa tena, na safari hii kaja moja kwa moja nyumbani. Amefunua sufuria zangu moja moja. Ameingiza mkono kwenye pipa la unga. Kucha zake ndefu, za njano, zina kitu chini yake nisichotaka kukijua. Baada ya yeye kuondoka nimewamwagia kuku unga wote.

Akasema kuna mtu kavunja mwiko. Akatutazama mmoja mmoja. Mama mkwe akatazama chini kwa unyenyekevu mkubwa, mnafiki yule. Mimi nilikuwa na mchicha tumboni wa saa moja tu iliyopita. Mtoto akapiga teke. Nilidhani wote wameona.

Bahati yangu, macho ya mganga yakamwangukia Masanja, msimamizi wa wachimbaji. Fizi zake zimevimba, zambarau, zinatoka damu. Akila, ugali unabaki na alama nyekundu. Mdomo wake unanuka kama kitu kilichosahaulika kwenye maji. Namwekea sahani nikiwa nimegeuza uso. Nesi alisema mtu asiyekula mboga wala matunda muda mrefu fizi zinaoza hivyo. Mganga akasema damu ile ni ishara kwamba dhahabu inakaribia, mwamba unamwita mtu wake. Masanja akatabasamu. Laiti asingetabasamu.

Jumamosi, 9 Agosti

Limetema.

Nimesikia makelele kabla sijamwona mtu. Baba Minza kaja anakimbia, kavua shati, kaninyanyua na tumbo langu, kanizungusha uani. Mawe wamepeleka karasha kusagwa, wakasafisha, ikaonekana. Sijawahi kumwona akilia. Na mimi nimelia. Nimefurahi kweli, sitasema uongo hapa. Nilijua kesho asubuhi nitanunua mafungu ya mchicha hadharani, nitaenda nayo kichwani katikati ya njia, mwiko umekwisha.

Jumapili, 10 Agosti

Mwiko haujaisha.

Wamechinja ng'ombe. Wanaume wamekaa motoni tangu mchana. Maini yamechomwa kwanza, na maini ni ya wanaume. Yalipita puani kwangu kwenye sinia, yakipuliza moshi, nami nimeshika mwiko wa ugali. Nesi alisema maini ni damu tupu. Nikamwambia Baba Minza kwa macho. Hakuelewa. Au alielewa, ila kulikuwa na watu.

Mganga kakalishwa kwenye kiti cha sebuleni kwangu, kile chenye kitambaa nilichofuma. Mafuta yanamtiririka kidevuni mpaka kwenye kitambaa. Akatoa hotuba huku anatafuna. Sharti limefanya kazi, kwa hiyo sharti liendelee mwaka mzima, la sivyo shimo litajifunga. Baba Minza akaitikia. Wote wakaitikia. Masanja akaitikia, akatema damu pembeni.

Mwaka mzima.

Nimekaa jikoni nikafikiri. Tangu tarehe kumi mwezi uliopita sijakosa mchicha hata siku moja. Matembele, mapapai, machungwa, karanga, vyote kwa Mama Rukia. Duara limetema juu ya mchicha wangu. Mganga amekula ng'ombe wa bure.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesema.

Alikuwa anafunga buti. Nikamwambia nimekula majani kila siku kwa Mama Rukia, mwezi mzima, hata siku ile lilipotema. Nilisema haraka kabla sijaogopa. Nikasubiri kofi. Hajawahi kunipiga, lakini nilisubiri.

Hakupiga. Akatazama tumbo langu muda mrefu, macho yamemtoka, kisha akatoka na buti moja haijafungwa.

Nimekaa hapa nasubiri. Lakini nimepumua. Sasa anajua kwamba kijani hakikuzuia kitu, na mtu mwenye akili ataona mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Hapana. Hapana, hapana.

Kaenda kwa mganga. Kamweleza yote. Na mganga hakuona haya hata kidogo. Kasema sasa ndiyo kaelewa: dhahabu ilikuwa imeshikwa na mimba ya mwenye duara. Mimba imelishwa kijani, imeachia. Kwa hiyo sharti jipya. Mimi nile kijani tu. Mchicha asubuhi, mchana na jioni. Nyama marufuku kwangu. Mayai marufuku, samaki marufuku, maziwa marufuku, maharage na karanga marufuku, maana vitaifunga tena. Ugali matonge mawili matatu ya kusindikizia.

Wachimbaji wao wanaendelea na sharti la zamani. Hawaruhusiwi hata jani.

Baba Minza kaingia na kiroba cha mchicha begani. Anacheka. Kanibusu kipaji. Anadhani kaniletea zawadi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mchicha wa kuchemsha, bila mafuta, bila karanga, bila nyanya. Chumvi kidogo, kwa hisani yao. Sufuria nzima. Maji yake meusi yameelea juu na wadudu wadogo wawili wamekufa humo. Mama mkwe ndiye anayepika, maana mganga kasema nisiguse mwiko wa nyama.

Nilidhani nachukia utumbo. Sikujua kuchukia. Nikifumba macho naona majani. Choo changu kijani. Jasho langu linanuka bustani.

Wachimbaji wanapita kunichungulia nakula. Kweli kabisa, wanasimama mlangoni kabla ya kushuka shimoni, wanahakikisha nimemeza. Masanja anasimama mbele kuliko wote. Anatazama sahani yangu, koo linapanda na kushuka, mate yake na damu vimechanganyika pembeni mwa mdomo. Kile kinachomponya yeye ninalazimishwa kula mimi mpaka kinitoke puani, na kile ninachohitaji mimi yeye anakitafuna na mdomo uliooza. Hakuna hata mmoja anayeona. Nimemtapikia karibu na miguu. Akaruka pembeni akaniomba radhi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kliniki. Damu tisa.

Imepanda kidogo tu. Nesi akauliza nimekula nini wiki hii. Nikamwambia. Mwanzoni akacheka, akaweka mkono mdomoni, halafu akakasirika mpaka akakaa chini. Akasema ile ya mwezi uliopita ilinisaidia kwa sababu nilichanganya: majani, karanga, matunda, na nyama ya nyumbani. Sasa wameng'oa kundi moja wamepanda jingine. Mtoto wangu anajengwa na nini, akauliza. Uzito wangu umeshuka.

Akaniambia nitafute pa kukaa mpaka nijifungue, mahali ambapo tumbo langu halina mganga. Hivyo ndivyo alivyosema.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimeondoka. Naandika nikiwa kwetu, kijiji cha jirani na Kolandoto, mgongo unaniuma kwa basi.

Asubuhi walikuwa wamejipanga mlangoni kama kawaida. Sufuria mbele yangu, mvuke unanipiga usoni. Nikaisukuma ikamwagika. Majani yakatambaa sakafuni mpaka kwenye miguu ya Baba Minza. Mama mkwe akapiga yowe kana kwamba nimemwaga mtoto.

Sikupiga kelele. Nilimtazama mume wangu peke yake. Nikasema, "Ulininyima mboga kwa ajili ya duara. Sasa unanilisha mboga kwa ajili ya duara. Lini nitakula kwa ajili yangu?"

Akakung'uta majani miguuni. Wachimbaji wakatazama buti zao.

Nilikuwa nimeshafunga mfuko tangu jana. Nikamshika Minza mkono. Pale getini nikamkuta Masanja, nikamwekea mkononi malimao ya Mama Rukia, nikamwambia ayanyonye shimoni gizani ambako hakuna rangi. Akayaficha shatini haraka. Sijui kama atayanyonya. Sijali sana, ila ule mdomo sitaki kuuona tena.

Baba Minza hakunifuata. Nilitazama nyuma mpaka pikipiki ikakata kona.

Jumatano, 3 Septemba

Mama anapika, mimi nakaa. Ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando. Maharage. Yai la kuchemsha asubuhi, analimenya mwenyewe kana kwamba mimi ni Minza. Papai. Samaki wa Chato wa kukausha, siku shangazi alipoleta. Hakuna anayenitazama nikimeza.

Bado kichefuchefu. Siku mbili za kwanza mlenda ulinishinda, ule mtelezo, nikaona majani yale yale. Nikala kwa kujilazimisha. Leo umepita.

Udongo nimeacha. Siyo kwa ushujaa. Soko liko mbali.

Baba Minza kapiga simu. Katika maneno yake ya kwanza kaniuliza kama huku kuna mchicha, maana Jumamosi wanaanza mwamba mpya. Nikakata simu. Nimeizima kabisa. Nimemchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Ijumaa, 19 Septemba

Damu kumi na moja. Nesi wa huku kaipima akaandika bila kusema neno, kwa sababu kwake ni damu ya kawaida tu. Nilitaka kumkumbatia.

Baba yangu anasema duara limefunga tena. Kasikia kwa watu wa mnadani. Mganga kahamia kwa mwenye duara mwingine. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nakula chungwa.

Jumapili, 28 Septemba

Mtoto wa kiume. Juzi, hospitalini.

Damu ilitoka. Nyingi. Nilisikia inavyoniacha, joto kwenye mapaja, halafu baridi. Walikimbia, walinikandamiza tumbo, walinidunga. Nakumbuka taa na nesi mmoja akisema nisilale. Ikasimama. Daktari kaniambia asubuhi yake kwamba kama ningekuja na damu ya miezi ile, angekuwa anaongea na baba yangu na siyo mimi.

Baba alimpigia simu mkwewe palepale ilipokuwa inamwagika, hakusubiri. Kumbe Baba Minza akatoka shimoni akapanda gari la mizigo hivyo hivyo. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, vumbi la mwamba mpaka kwenye kope, buti zimechafua wodi, manesi wanamfokea. Alikuwa kashika kidole changu kimoja. Nilikuwa sina nguvu ya kukivuta.



Jumapili, 5 Oktoba

Tumeshatoka hospitali. Mtoto ananyonya vizuri. Minza anamwita "kadudu".

Leo Baba Minza kaja rasmi, kaoga, na shati la mikono mirefu. Baba akachinja jogoo kwa ajili ya mkwe. Wanaume wakakaa nje, sisi jikoni. Chakula chao kikatoka kama inavyotakiwa, na firigisi juu ya bakuli, kwa sababu firigisi ni ya mwanaume, na mkwe akija ni ya mkwe. Tangu nazaliwa sijawahi kuionja. Hata Mama hajawahi, na kuku wote wa hapa anawapika yeye.

Nikasikia nyayo. Nikainua uso, yuko mlangoni pa jiko. Kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe wake, seuze kumfuata jikoni. Mama alijifunika kanga usoni akageukia ukutani. Naye alikuwa kageuza shingo upande mwingine, anatazama banda la ng'ombe, jasho linamtoka, mkono umenyooka mbele na kibakuli. Ndani firigisi.

Nikamwuliza, "Hili sharti la nani tena?"

Akasema, "Siyo sharti. Kula."

Akaweka kibakuli chini akarudi nje upesi. Nikamsikia yeye na Baba wanaendelea na habari za mvua.

Bado nina hasira naye. Sijui kama nitarudi mwezi huu. Nimekata firigisi vipande viwili, kimoja nikampa Mama nyuma ya kanga yake. Changu nilikitafuna polepole. Kilikuwa kigumu kidogo, na kilihitaji chumvi.